Mkate wa Mabibi Watatu

Toader hakuwa mlafi. Hilo tuliweke sawa mapema, maana kijijini kwetu Valea Murei watu wana midomo, na ukiwasikiliza utadhani mwanamume yule alizaliwa ameshika kijiko. Alikuwa dereva wa lori, basi. Dereva wa lori hula anapopata, hulala anapoweza, na akifika kwake hula anachokikuta mezani, kwa sababu ni kwake.

Alfajiri ile alikuta meza imepambwa.

Alikuwa anatoka Ujerumani kupeleka mbao. Mkewe Zamfira alikuwa amejifungua binti, mtoto wao wa kwanza baada ya miaka mingi ya kungoja, na habari zilimfikia Toader angali mbali. Aliendesha mchana na usiku, macho yamemwiva, mpaka akafika. Mlango ulikuwa wazi. Mbwa hayupo. Sakafu imefagiliwa na kupigwa deki. Chini ya picha ya Bikira Maria kulikuwa na meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, na juu yake vipande vitatu vya mkate, bakuli la asali, chumvi kidogo na bilauri tatu za divai. Chumbani Zamfira alikuwa amelala na kichanga, na mama mkwe, Saveta, anakoroma kwenye kiti pembeni yao.

Toader alisimama pale na kofia mkononi, machozi yakamlengalenga. “Maskini mke wangu,” alijisemea. “Mwili wote unamuuma, na bado amenikumbuka.” Tangu mama yake afariki hakuna mtu aliyewahi kumwandalia meza namna ile. Akaketi. Akala vipande viwili vya mkate kwa asali, akanywa bilauri mbili, na kipande cha tatu akakiacha na divai yake ili Zamfira akiamka naye apate. Kisha akalaza kichwa palepale mezani, akalala, ana furaha ambayo hakuipata tena.

Utaniuliza, mtu mzima, mzaliwa wa hapahapa, hajui? Anajua! Nani asiyejua? Usiku wa tatu tangu mtoto azaliwe si wa baba wala si wa mama, ni wa Mabibi Watatu. Wa kwanza ni msichana, yeye anasokota uzi wa maisha ya mtoto. Wa pili ni mwanamke wa makamo, anaupima. Wa tatu ni kikongwe anayechechemea, huyo ndiye anayekata. Wengine husema ni ndugu watatu. Bibi yangu alishikilia mpaka kufa kwake kuwa ni mmoja tu mwenye sura tatu, anazivaa kwa zamu. Padri, maana mapadri wetu huoa, anasema hawapo kabisa, ila mke wa padri huwaandalia meza kila anapojifungua, na usiku huo padri mwenyewe hulala kwa jirani. Wanaingia, wanakula, na jinsi walivyokirimiwa ndivyo wanavyomsemea mtoto. Ndiyo maana mlango huachwa wazi, na mbwa hupelekwa mbali asije akawabwekea. Toader aliyajua yote hayo tangu utotoni. Lakini lilikuwa jambo la wanawake, yeye alikuwa na usingizi wa siku mbili kichwani, akaona meza akadhani anapendwa. Ndilo kosa lake lote.

Aliamshwa na ukelele.

“Uwiii! Zamfira, amka! Amekula! Mumeo amekula!”

“Nimekula nini, mama?” Toader aliuliza, shavu lina alama za kitambaa.

“Amekula nini, eti! Umekula cha Mabibi, mpumbavu wee! Umekula majaliwa ya mwanao!” Saveta alishika kichwa. “Na hiki kimoja umembakizia nani?”

“Zamfira.”

“Zamfira! Mungu wangu, eti Zamfira!”

Zamfira akatokea chumbani amemkumbatia mtoto, anayumba kwa uchovu lakini anacheka. Yeye alifanya kazi katika duka la dawa mjini, alikuwa na cheti chake, na mambo ya mama yake alikuwa akiyachukulia kama mtu anavyochukulia kikohozi cha mzee. “Mama, acha ushamba,” alisema. “Mkate huo nimeuona ukinunuliwa dukani, haukushuka mbinguni. Mwache mume wangu, alikuwa na njaa.” Akainama akambusu Toader kwenye upara. “Njoo umwone mwanao. Ana pua yako, pole yake.”

Wakamwita Anitsa.

Lo, wanawake wa kijiji walivyolichambua jambo lile! Kila baada ya misa, wamesimama kwenye ukuta wa kanisa na vitambaa vyao vyeusi, wanahukumu. Wengine walisema hakuna neno: Mabibi hula harufu tu, pengine walikwishapita na kushiba kabla Toader hajafika, na yeye alikula makombo. Lakini kulikuwa na kizee mmoja, Rafila, ambaye kazi yake duniani ilikuwa kutowaacha watu walale. “Na kama walimkuta?” alisema. “Kama walimkuta amelaza kichwa chake kikubwa mezani? Wale wawili watakuwa wameondoka wamenuna. Lakini yule wa kukata, jamani, yule huwa hasusi.”

Maneno hayo yalifika kwa Toader, maana kijijini hakuna maneno yasiyofika. Akacheka. Alikuwa na binti, angejali nini?

Baba gani alikuwa yule! Alimfunga Anitsa kifuani kwa shali na kwenda naye kulisha kuku. Alimwonyesha lori akiwa bado hajaweza hata kukaza shingo. Basi alikuwa naye siku midomo yake ilipogeuka rangi ya samawati katikati ya kilio, na yeye ndiye aliyemkimbiza mjini, na kutoka mjini mpaka hospitali kubwa. Daktari alieleza kwa upole sana. Moyo wa mtoto ulikuwa na kasoro. Ulijiumba hivyo tumboni, wiki za mwanzo kabisa, kabla mama hajajua kama ni mjamzito. Si kosa la mtu. Toader hakuelewa sawasawa, Zamfira akamchorea moyo nyuma ya kiboksi cha dawa, damu inapita huku badala ya huku. “Umeona? Tangu tumboni,” alisema, na Toader alikitia kiboksi kile mfukoni kama mtu aliyepewa cheti cha kuachiliwa huru.

Wakampasua mtoto. Akapata nafuu, akatembea, akanenepa mashavu. Akajifunza kumwita baba yake kwa mlio wa honi: anasimama mlangoni, anavimbisha mashavu, “Piii!” na Toader anatoka mbio popote alipo. Halafu ikaja baridi kali na kifua, na moyo ule mdogo ukashindwa. Anitsa alizikwa wiki ya kuelekea Krismasi, hajafikisha miaka mitatu, na wachimba kaburi ilibidi wawashe moto juu ya ardhi kwanza ili ilainike.

Saveta alilia juu ya jeneza kwa ile sauti ya maombolezo ya zamani, na ndani ya maombolezo yake akaliingiza lile neno: “Nani alikula sehemu yako, kipenzi changu, nani alikula sehemu yako mezani?” Kila mtu alisikia. Kila mtu akatazama viatu vyake.

Watu walipoondoka, Toader alibaki pale kaburini na mkewe. Theluji ilikuwa inaanguka juu ya maua.

“Zamfira,” alisema. “Niambie mara moja tu, sitakuuliza tena maisha yangu yote. Ni mimi?”

Zamfira akamshika uso kwa mikono miwili, akamvuta mpaka paji likagusa paji. “Sio wewe. Unanisikia? Ni moyo wake. Sio wewe, Toader.”

“Unaapa?”

“Naapa. Kwa Anitsa naapa.”

Basi neno hilo ndilo lililomweka hai. Mwingine angekunywa, mwingine angejitupa mtoni. Toader alikuwa na neno la Zamfira, na kila siku alilitoa akalitazama. Wanaume baani walimtania, maana wanaume wa kwetu hawajui kufariji bila kuchoma. “Toader, karibu kiti, lakini sahani ile ina wenyewe!” Naye anatabasamu, anaagiza pombe yake ya matunda, anakunywa, anaondoka. Mama mkwe alimwambia peupe kwamba hatamsamehe mpaka siku ya kiama. Akamjibu, “Sawa, mama,” na akamkatia kuni za majira yote ya baridi. Alikuwa na uwezo wa kuvumilia kijiji kizima kwa sababu ndani ya nyumba yake kulikuwa na mtu mmoja asiyemhukumu.

Miaka ikapita. Zamfira akapata mimba tena.

Toader hakulala wiki nzima kwa furaha na hofu. Daktari alipima, akatazama moyo wa mtoto kwenye kioo cha mashine, akasema huu ni mzima, unapiga vizuri. Zamfira alilia pale kitandani, Toader akalia kwenye korido. Mtoto angezaliwa baada ya sikukuu ya Maria ya mwezi wa nane, Zamfira alisema. Na mwanzoni mwa mwezi ilipotokea safari ya Ujerumani, Toader akataka kuikataa, mkewe ndiye aliyemsukuma.

“Nenda,” alisema. “Utakaa hapa kunitazama tumbo kama ng'ombe anatazama treni? Nenda, urudi, utabaki na muda mpaka uchoke.”

“Na kama akiwahi?”

“Hatawahi. Wa mimba ya kwanza aliwahi?”

Akaenda. Kule akashusha mbao, na mzigo wa kurudi nao ukaahirishwa, akaambiwa arudi na trela tupu. Hakumwambia Zamfira. Alitaka kumshtukiza. Alimnunulia kofia ya mtoto ya sufi, nyeupe, ndogo kiasi cha kutosha chungwa tu, akaiweka kwenye dashibodi na akawa anaizungumzisha barabara nzima.

Alisimama kituo cha mafuta mjini, jua bado liko juu. Nani anatoka dukani? Gligor, jirani yao muuza nyasi kavu, mtu mwenye sauti ya kuamsha wafu.

“Baba kidume!” alipiga kelele. “Hongera, bwana! Utatununulia lini?”

“Ninunue nini?”

“Usijitie hujui! Mkeo si amezaa dume juzi? Karejea leo asubuhi na gari la shemeji yangu. Mimi ndiye ninayekaa na mbwa wenu, kanimalizia soseji zote.” Kisha Gligor akautazama uso wa Toader, na sauti ikamshuka. “Ulikuwa hujui?”

“Najua,” alisema Toader. “Najua, nilikuwa nakuchokoza.”

Juzi. Na jana tu alikuwa ameongea na Zamfira kwa simu. Alikuwa amesema mgongo unamuuma, na joto limezidi, na nyanya zimeiva.

Kutoka mjini mpaka Valea Murei alimtetea mkewe njia nzima. Alitaka kunishtukiza, kama mimi. Au mtoto ana tatizo, anaogopa kuniambia nikiwa barabarani. Hapana, Gligor angesema. Basi ni yule mama yake! Ndiyo, ni Saveta huyo, amemtisha, amemnyang'anya simu, amemlazimisha. Akamkasirikia mama mkwe kwa moyo wote, na hasira hiyo ikampa nafuu kubwa. Aliliacha lori kwenye kiwanda cha mbao mdomoni mwa bonde, kwa sababu kichochoro chao hakipitishi trela, akapanda kilima kwa miguu na kofia ile mfukoni, anajipangia maneno ya kumwambia Saveta.

Uani kulikuwa kimya, mbwa hakuwepo wa kumpokea. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi kwa ajili ya joto. Alikuwa amebakiza hatua chache afike mlangoni alipoisikia sauti ya mama mkwe, na ikamsimamisha, kwa sababu ilikuwa ikilitaja jina lake kwa namna ambayo hakuwahi kuisikia.

“Mpigie Toader, mwanangu. Mpigie. Hata dume la mbwa huachwa likanuse watoto wake.”

“Kesho kutwa, mama.”

“Kesho kutwa ya nini? Mtu ana mtoto wa kiume, kijiji kizima kinajua, yeye yuko huko anakula vumbi. Ni dhambi hii.”

“Kesho kutwa nitampigia. Mabibi wakishapita.”

Toader alisogea kando ya dirisha, akaegemea ukuta. Aliweza kumwona. Zamfira alikuwa amesimama peke yake mbele ya meza, amejifunga shuka tumboni kama wafanyavyo wazazi, anatandika kitambaa cheupe. Alikilainisha kwa kiganja, akakivuta, akakilainisha tena. Saveta alikuwa ameketi kwenye benchi na mtoto mapajani.

“Si wewe uliyenicheka?” alisema Saveta. “Ushamba, ulisema. Mkate wa dukani.”

“Nilicheka. Halafu nikazika.”

“Daktari alisema ni moyo! Mwenyewe ulinieleza. Mimi nilimsema Toader kwa uchungu, Zamfira, nilitaka mtu wa kumlaumu, nami ni mzee mjinga. Usije ukanichukulia maneno yangu ukajengea nyumba.”

“Najua alichosema daktari. Najua kuliko wewe.” Zamfira aliweka bilauri moja, akaweka ya pili. “Nikiwa dukani najua. Nikimsomea mtu karatasi ya dawa najua. Lakini nikikaa naye mezani, mama, akinyoosha mkono kuchukua mkate, namwona vilevile. Kila siku. Nampikia, nampakulia, na kila tonge analomeza nalihesabu. Unafikiri napenda?”

“Unampenda mumeo au humpendi?”

“Nampenda.” Akaiweka bilauri ya tatu, na mkono wake ukabaki umeishika. “Nampenda, maskini, hakuna mtu mwema kama yeye. Lakini usiku wa leo simtaki humu ndani. Yule wa kwanza alimla. Huyu hatamla.”

Saveta alijipigia ishara ya msalaba, akamfunika mtoto.

Toader alikuwa na haki ya kuingia. Ni nyumba yake, mke wake, mwanawe. Angeweza kusukuma mlango, maana ulikuwa wazi, umeachwa wazi kwa ajili ya wageni wengine. Aliona mguu mmoja mdogo umechomoza kwenye nguo, mwekundu, unapiga hewa. Akautazama mpaka Saveta akaufunika. Kisha akarudi nyuma polepole, akapita kwenye majani ili changarawe isilie, na akashuka kilima.

Alipofika kwenye lori alikaa ndani, akafunga mlango na vioo, akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, kichwa kwenye usukani, alimlilia Anitsa, akalililia lile neno la kaburini lililomlea miaka yote hiyo, na ambalo sasa alijua lilitolewa kwa huruma tu, kama mtu anavyomtupia mwenzake koti. Alipomaliza alijifuta kwa mkono wa shati, akakohoa mara mbili kusafisha sauti, akapiga simu.

“Toader! Uko wapi?” Zamfira alipokea haraka.

“Bado Hungaria,” alisema. “Foleni mpakani, we acha tu. Malori mpaka huko.”

“Kwa hiyo utafika lini?”

“Leo haiwezekani. Na kesho sidhani. Tuseme kesho kutwa.”

Akamsikia anashusha pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo, na Toader alifumba macho mpaka ikaisha.

“Pole, mume wangu,” alisema Zamfira.

“Tumbo vipi?”

“Lipo. Anacheza tu.” Na hapohapo, nyuma yake, kichanga kikaanza kulia, sauti nyembamba, kavu, yenye hasira. Toader aliibana simu sikioni kwa nguvu. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia.

“Ni paka,” Zamfira alisema upesi. “Paka wa Gligor, kaingia jikoni.”

“Mpe maziwa basi,” alisema Toader. “Asilie hivyo, mpe maziwa.”

Mtoto alilia, kisha akanyamaza ghafla, kama aliyepata titi.

“Umekula?” Zamfira aliuliza, kwa mazoea, kama mke yeyote anavyomuuliza mumewe aliye safarini, na alipokwishalitamka neno hilo sauti yake ikakatika.

“Nimekula,” alisema Toader. “Nimeshiba. Lala salama, mke wangu.”

Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi. Kwenye kiti cha pembeni kulikuwa na mkate na jibini alivyonunua njiani kwa pesa yake mwenyewe. Alivitazama mpaka giza likaingia bondeni na taa ya jikoni kule juu ikazimwa. Kisha akavifunga vizuri kwenye mfuko, akavisukuma nyuma ya kiti, mbali na mkono wake, kwa sababu usiku ule hata yeye aliogopa kula.